Kilo Nne, Lita Nne

Mke wangu ana vidole saba vya miguu. Vitatu vya mguu wa kulia vilikatwa hospitalini miaka sita iliyopita. Tangu hapo majirani zetu hapa Gisenyi, Rwanda, wameamini kwamba chanzo kilikuwa mwanamke mmoja wa Cyanzarwe, aliyekuwa akituletea soda kali ya kutengenezea sabuni. Waliamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Sasa nina miaka sabini na minne, na ninataka kueleza hesabu ilivyokwenda kweli.

Nilisoma sekondari Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mkondo wa kemia na biolojia, na hapo masomo yakaishia. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu mkavu. Alichokichukia kuliko uvivu ni nambari isiyo na kizio. Ukiandika jawabu na kusahau kusema ni gramu, lita au moli, alikukata nusu ya alama hata kama hesabu yote ni sahihi. Mimi nilikatwa mara nyingi. Nikajisemea kwamba huyu ni mtu asiye na raha nyumbani kwake, anatumalizia hasira sisi.

Nilipostaafu ukarani wa ghala, nilimkuta mke wangu ana kazi yake tayari. Alikulia Karagwe, Tanzania, na huko alijifunza kwa mama yake kutengeneza sabuni ya mawese. Alipima kwa kikombe cha bati. Sabuni ikishaganda alichukua kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma, aliirudisha kwenye sufuria na kuongeza mafuta. Isipomchoma, aliitumia yeye mwenyewe wiki nzima, kwa nguo zetu na vyombo vyetu, ndipo amuuzie mtu mwingine. Hiyo ilikuwa sheria yake, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Mimi niliona aibu. Mke wa mtu aliyesoma kemia analamba sabuni mbele ya watu! Siku moja wateja wawili wakiwa uani nilimwambia, "Nyumba yenye mtu wa kemia hailambi sabuni."

"Haya, mkemia," akajibu. "Mimi nilambe sabuni, wewe ulambe vitabu, tuone nani atashiba."

Wateja walicheka, nami nikacheka nao, lakini sikuacha. Nilinunua mizani ndogo ya betri. Nikatafuta daftari, nikakaa na kalamu kama mtoto wa shule. Baada ya miezi michache nikawa nimemnyang'anya kikombe chake na ulimi wake, vyote viwili.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana hilo ndilo linaloniuma zaidi. Moli moja ya mafuta ya mawese ina uzito wa gramu mia nane arobaini na nane hivi, na inashika moli tatu za soda. Moli moja ya soda ni gramu arobaini, kwa hiyo tatu ni gramu mia moja na ishirini. Ukigawanya, unaona kwamba kilo kumi za mafuta zinataka gramu elfu moja mia nne na kumi na tano za soda. Hapo mafuta na soda vinamalizana, hakuna kinachobaki. Lakini mtu mwangalifu hafiki mpaka ukingoni. Anapunguza soda kidogo, ili kitakachobaki kwenye sabuni kiwe mafuta. Mafuta yakibaki, ngozi inalainika. Soda ikibaki, ngozi inaliwa.

Soda haimwagwi kavu kwenye mafuta, inayeyushwa kwanza. Mimi niliyeyusha kilo moja ya soda katika kilo mbili za maji, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikaiacha ipoe. Kila kilo ya myeyusho ule ilibeba theluthi moja ya kilo ya soda. Kwa kilo kumi za mafuta nilitia kilo nne za myeyusho, yaani gramu elfu moja mia tatu thelathini na tatu za soda. Ilikuwa salama, tena yenye akiba. Nikachukua chaki nikaandika kwenye mlango wa kibanda chetu cha sabuni: MAFUTA 10, MYEYUSHO 4. Sikuandika kilo. Mizani ilikuwa pale mezani, kila mtu aliiona. Nilidhani haina haja.

Kwa miaka miwili sabuni yetu ilitoka vizuri. Watu walikuja kutoka Rugerero na hata Kanama kuifuata. Nikawa natembea mtaani kama daktari.

Kisha mizani ikafa. Nilikuwa nakoroga huku naongea, myeyusho ukaruka ukaingia ndani yake, na kesho yake haikuwaka. Nilipaswa kununua nyingine. Lakini mwaka ulikuwa unaisha, na nyumba moja ya wageni kando ya ziwa ilikuwa inasubiri sabuni ya kufulia mashuka. Sikutaka waambiwe kwamba yule mzee msomi amekwama. Mafuta yalikuwa tayari, yamepimwa sokoni, kilo kumi kamili. Myeyusho ulikuwa ndooni. Nikachukua jagi la lita moja.

Maji lita moja ni kilo moja, na kila kitu cha majimaji mtaani kwetu kinanunuliwa kwa lita. Maziwa ni lita, mafuta ya taa ni lita. Mlangoni iliandikwa nne. Nikamwambia mke wangu achote majagi manne.

Alichota la kwanza akasimama nalo mkononi.

"Jagi hili zito," akasema.

"Ni lile lile la maji."

"Jagi langu nalijua. Maji hayavuti mkono hivi."

"Mkono umezeeka, mama."

"Na wako je? Umebaki kijana?" Akacheka, akamimina. Akarudia mara tatu.

Alikuwa amepima sawasawa. Mkono wake uliniambia kitu ambacho mimi nilifundishwa darasani, na nilikuwa na jedwali lake kwenye daftari: myeyusho mzito wa soda haulingani na maji. Lita moja ya ule wetu ina uzito wa kilo moja na gramu mia tatu sitini. Majagi manne yalikuwa karibu kilo tano na nusu, na ndani yake gramu elfu moja mia nane za soda. Mafuta yaliweza kushika elfu moja mia nne na kidogo. Gramu zipatazo mia nne zilibaki ndani ya sabuni bila mafuta ya kushikana nayo. Soda ya namna hiyo haitulii. Inangoja kitu kingine chenye mafuta, na mguu wa mtu una mafuta.

Mke wangu ana ugonjwa wa sukari. Nyayo zake zilikuwa zimeshaanza kufa ganzi. Aliwahi kukanyaga msumari akautambua kwa kuona damu sakafuni. Hilo nililijua pia.

Wiki tatu baadaye sabuni ilikuwa imekauka. Hakuilamba, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kuona aibu. Lakini ile sheria yake nyingine aliishika: sabuni haitoki kabla yeye hajaitumia. Asubuhi hiyo alitoa blanketi zote nne za nyumbani. Blanketi kwetu hazifuliwi kwa mikono, zinakanyagwa. Unaziweka kwenye beseni kubwa, unapaka sabuni, unapanda kwa miguu mitupu. Alikanyaga mpaka karibu saa sita, akiimba. Kisha akavaa mabuti ya mpira, akaenda kupalilia mboga hadi jioni, na ndani ya buti la kulia, kati ya vidole, kulikuwa na kipande cha sabuni kisichozidi ukubwa wa haragwe. Hakukisikia.

Alipovua buti, ngozi ilitoka nalo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza ni nini kilichomuunguza. Nilirudi nyumbani nikaleta kipande cha sabuni. Akakilowesha, akachukua mkanda wa kupimia mkojo, akaubandika juu yake. Kisanduku cha mkanda kinachopima asidi na alkali kikageuka buluu nzito, rangi ya mwisho kabisa kati ya zile zilizochorwa kwenye kopo.

"Muzee," akasema, "hii sabuni mulitengenezea nani, watu ao mawe?"

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Nilifanya hesabu kichwani kwa dakika chache tu, bila kalamu, na ikatoka bila kosa. Kilo, lita. Nikaona mlango wa kibanda na ile nne yangu. Kama ningekufa pale benchini, ningekufa nikiwa mtu mwaminifu. Sikufa. Niliinuka nikaingia ndani, na mke wangu akaniuliza, "Wamesema ni nini?"

Nikamwambia, "Ni soda. Yule mama safari hii ametuletea kali kupita kawaida."

Aliyesoma kemia hata miezi mitatu angejua kwamba huo ni upuuzi. Soda haiwezi kuzidi kuwa soda. Mfanyabiashara akitaka kudanganya atachanganya na chumvi au unga mweupe, na nguvu yake itapungua, haitaongezeka. Uongo wangu haukuwezekana hata kwenye karatasi. Lakini mtu wa kunipinga hakuwepo. Elimu ile ile niliyojivunia ndiyo iliyonifunika.

Kidonda kilioza. Walikata kidole kimoja, kisha viwili. Watu wakaja kutupa pole, na kila aliyeuliza nilimjibu lile lile, maana ningebadilisha ningegundulika. Kisha nikaenda sokoni nikawaambia akina mama wanaotengeneza sabuni. Hakuna aliyenituma. Niliwaambia wajihadhari na soda ya yule mwanamke. Walinishukuru. Mmoja alinikamata mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya nne mwanamke mwenyewe alikuja kwetu. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa ya watu wanaouza mpakani, na alibeba kopo jipya la soda lenye kifuniko cha chuma. Nilimpokea uani. Sikumpa kiti.

"Papa, mi nasikia unasema soda yangu njo ilikata mama vidole."

"Watu wanasema mengi."

"Apana, haiko watu. Ni we." Akaweka kopo chini mbele yangu. "Bon. Hii ni ya siku ile ile, ilitoka na ile yako pamoja. Sijafungua. Pima. We iko na masomo, mi sina. Kama ni mubaya, nitaimwaga hapa hapa, mbele ya watoto ya mutaa."

"Mizani imekufa," nikasema.

"Mizani ilikufa. Donc, na mi nikufe?"

Ningeweza kupima bila mizani. Siki, ambayo humaliza nguvu ya soda kwa kiasi kinachohesabika, ingetosha, na subira kidogo. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa wazi, na mke wangu, mguu ukiwa juu ya mito, alisikia yote. Akaita kutoka ndani, kwa upole, kwa kile Kiswahili chake cha Karagwe: "Mama, tafadhali nenda tu. Sina nguvu ya maneno."

Yule mwanamke aliangalia dirisha, akaniangalia mimi, akaokota kopo lake akaondoka. Miezi miwili baadaye nilisikia ameacha biashara. Soda kwenye makopo yake ilivuta unyevu ikawa uji, kwa kukosa mnunuzi.

Miaka sita ilipita. Sisi tuliacha sabuni. Mimi niliona ni heshima kwa mguu wake; kweli ilikuwa woga wangu wa kuingia kibandani. Mwaka huu, mvua zilipoanza, mke wangu alikuja sebuleni na daftari jipya na kalamu, akakaa mezani mkabala nami.

"Nataka kuanza tena," akasema. "Watu bado wananiuliza. Niandikie hesabu yako, hatua kwa hatua, kabla hujafa nayo."

Nilisema nitamwandikia jioni. Akasema sasa. Nikaanza. Yeye aliishia darasa la saba, lakini ana kichwa cha kugawanya na kuzidisha ambacho mimi sina. Alifuata mafuta, akafuata soda, akafuata theluthi. Tulipofika kwenye myeyusho nikaandika nne, na mkono wangu ukaongeza "kg", kwa kishindo, hata kalamu ikachana karatasi.

Akaangalia lile neno.

"Mlangoni hukuandika kilo."

"Sikuandika."

"Tulikuwa tunapima kwa mizani. Siku ile tukachota kwa jagi." Alikuwa anasema polepole, anajiuliza mwenyewe. "Jagi ni lita. Lita ya ile dawa ina kilo ngapi?"

Nikamwambia. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akazidisha kwa nne, akagawa kwa tatu, akatoa. Alipata mia nne na kitu. Akapiga mstari chini yake kama tulivyofundishwa sote.

"Uligundua lini?"

"Siku ile ile. Kwenye benchi."

Nyumbani kwetu tunazungumza Kinyarwanda, lakini tukigombana kila mmoja hurudi kwenye Kiswahili cha alikokulia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa habari ya mguu. Nilikuwa na maneno ya mguu tangu miaka sita iliyopita. Hakuutaja.

"Alikuja na kopo lake," akasema. "Alikuja hapa nyumbani kwangu, anakuomba upime. Na mimi nikamfukuza. Kwa mdomo wangu. Ulinilaza pale kitandani ukaniacha nimfukuze."

"Nilikuwa..."

"Usiniambie ulikuwa nini. Mguu ni wangu, nitaamua mwenyewe lini nikusamehe. Yule si wangu. Nenda."

Nilikwenda siku ya pili kwa pikipiki. Nilimkuta shambani Cyanzarwe, anapanda viazi kwa jembe la mpini mfupi. Alikuwa amekonda. Alinijua kabla sijafika. Nilisimama ukingoni mwa shamba nikasema yote, kilo na lita na benchi. Yeye hakuacha kupanda. Alimaliza mstari kwanza.

"Umemaliza, muzee?"

"Nimemaliza."

"Hiyo hesabu yako mi siisikie. Mi najua kitu kimoja: mimi sikuharibu."

"Hukuharibu."

"Bon. Mi nilijua. Bwana wangu angekuwa hai angejua. Sasa we unaniletea mimi? Mi ndiye nilikuwa sijue?" Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Uende uwaambie wale ulikuwa umewaambia. Hapa unanikanyagia mbegu tu."

Nikaangalia chini. Kweli nilikuwa nimesimama kwenye mstari.

Jumamosi nikaenda sokoni, kwenye safu ya wauza sabuni. Kati ya wale wa zamani nilimkuta mmoja tu, yule aliyewahi kunikamata mkono kwa shukrani. Wengine walikuwa wapya. Nilisema kwa sauti, watu wanisikie, kwamba yule mama wa soda hakukosa, kwamba kosa lilikuwa langu na hesabu yangu, na kwamba nilidanganya.

"Mama gani?" akauliza msichana mmoja.

"Yule wa Cyanzarwe," akasema yule wa zamani. "Wa soda mbaya."

"Haikuwa mbaya," nikasema.

"Aa, ndiyo huyo! Alikata watu miguu."

"Mama, nakwambia mimi ndiye..."

"Yoo, muzee, iyo ni zamani," akasema yule wa zamani, akinipigapiga bega kama mgonjwa. "Sisi tunanunua kwingine sasa. Soda iko muzuri. Unataka sabuni?"

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Walimsahau mwanamke, sura yake na sauti yake. Walichokihifadhi ni lile neno nililowapa. Nilikuwa nimelitia kwa urahisi sana, na sasa sikujua namna ya kulitoa. Nilirudia mara ya tatu, kwa sauti ya juu zaidi, mpaka askari wa soko akaja kuniuliza kama nimepotea.

Nilimweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama yule mama atarudi kuuza soda. Nikamwambia hapana. Kesho yake alivaa viatu vyake vya kushonewa, akapanda pikipiki peke yake kwenda Cyanzarwe, mwanamke anayechechemea, kwenye barabara ile ya mawe. Alirudi jioni. Hakuniambia walisema nini, nami sikuthubutu kuuliza.

Tangu hapo anakwenda kila baada ya wiki mbili hivi. Wakati mwingine yule mama anakuja kwetu, wanakaa kibandani, wanapima, wanakoroga, wanabishana, na nikitokea mlangoni wananyamaza kwa adabu mpaka nipite. Wana jambo moja linalowaunganisha, nalo ni mimi.

Wiki iliyopita mke wangu alirudi na mfuko wa viazi aliopewa huko. Alivichemsha na maharagwe, akanipakulia sahani, akaiweka mbele yangu bila kunitazama. Vilikuwa viazi vizuri, vya unga. Nilikula vyote.